Jibu: Eti ukipika sana sumukuvu inakufa?
Mkuu, umeuliza kama ni kweli alivyosema diwani wenu mkutanoni, kwamba mahindi yaliyoota ukungu ukiyapika sana sumukuvu, yaani sumu inayoachwa na huo ukungu, inakufa. Si kweli hata kidogo, na inaniuma kiongozi kusimama mbele ya wakulima akasema hivyo bila kumuuliza hata bwana shamba. Moto unaua fangasi wenyewe ila sumu waliyoiacha inabaki, inataka zaidi ya nyuzi joto 200 kuvunjika na ugali hata 100 haufiki sana, tena sisi huku Mbeya juu maji yanachemka kabla ya hapo. 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumu hiyohiyo jamani, halafu 2021 Kenya ilipozuia mahindi yetu kwa ajili ya sumu hiyo nilichosikia kwa wanasiasa ni ugomvi wa jirani tu, habari ya kukausha hakuna.

Wewe anika kwenye turubai, siyo chini, halafu chukua chupa ya kioo kavu, tia mahindi na chumvi kavu, tikisa vizuri uache dakika 10 hivi, chumvi ikigandia kwenye kioo bado mabichi hayo, usiweke stoo. Na yaliyooza usimpe ng'ombe wa maziwa, sumu inapita mpaka kwenye maziwa.