Usukani Umekaa Upande? Anza Kupima Tairi la Nyuma

Miezi miwili mizima niliendesha pikipiki iliyotaka usukani uelekee kushoto kidogo ndipo yenyewe iende moja kwa moja. Njia ya Msamvu kwenda Dakawa ina vipande virefu vilivyonyooka, kwa hiyo nililiona jambo hilo waziwazi: nakwenda sawa, lakini mkono wangu wa kulia umetangulia mbele kuliko wa kushoto. Nikifika nyumbani mabega yanauma. Fundi wa kwanza akabadilisha beringi za usukani. Wa pili akasema tairi la mbele limechoka, nikanunua jipya. Usukani ukabaki vilevile.

Tatizo lilikuwa nyuma. Siku niliyopata pancha, kijana aliyeziba alirudisha tairi harakaharaka, akavuta ajasta (skrubu ya kusogezea tairi la nyuma) ya kushoto kuliko ya kulia. Tairi la nyuma likawa linatazama kushoto, na pikipiki ikawa inatembea kiubavu kama kaa. Kijiweni bado nakutana na wenzangu wanaonunua spea za mbele kwa ugonjwa wa nyuma, na mtu anayepeleka hesabu kwa bosi kila jioni hana hela ya kubahatisha. Inaniuma kweli.

Kabla hujagusa nati yoyote, simama mbele ya pikipiki, bana tairi la mbele kwa magoti, kisha utazame usukani. Kama usukani na tairi hilo havilingani, hasa kama pikipiki iliwahi kuanguka, basi foku, zile nguzo mbili zinazoshika tairi la mbele, zimejipinda na kazi yako iko huko mbele. Kama vinalingana, njoo nyuma. Fungua kava ya cheni, maana pikipiki zetu nyingi zimeifunika yote na ndiyo sababu watu hawaioni ikiumia. Angalia meno ya sproketi, lile gurudumu la chuma linalozungushwa na cheni: yakiwa yamelika ubavu mmoja tu, au vipande vya ndani vya cheni vinang'aa upande mmoja, cheni imekuwa ikivutwa mshazari kwa muda mrefu. Chuchumaa nyuma, tazama cheni kwa jicho moja kuanzia sproketi kubwa kwenda mbele. Inatakiwa inyooke. Ikipinda pale inapoiacha sproketi, umeshapata jibu la kwanza.

Sasa alama. Kwenye swingi amu, ule mkono wa chuma unaoshika tairi la nyuma, kuna mistari kila upande, na mafundi wengi huishia hapo: mistari ikilingana, wanasema tayari. Mimi siiamini peke yake. Swingi amu ikiwa imewahi kugongwa au kuchomelewa, mistari italingana na tairi litakaa upande. Chukua waya mgumu au kijiti kilichonyooka. Weka ncha moja katikati ya bolti kubwa ya mbele inayoshika swingi amu kwenye fremu, tia alama kwenye kijiti kinapofika katikati ya ekseli, yaani chuma kinachopita katikati ya tairi, halafu hamia upande wa pili na kijiti kilekile. Alama isipoangukia mahali palepale, umeona kosa na ukubwa wake. Kijiti changu kilionyesha tofauti ya karibu milimita 5, na hizo zilitosha kunitesa miezi miwili.

Kisha kamba, kwa sababu kijiti hakikuambii kama fremu yenyewe imenyooka. Zungushia uzi wa fundi ujenzi nyuma ya tairi la nyuma, ulete pande zote mbili hadi mbele, chini kiasi usiguse ekzosi wala stendi. Uvute hadi uguse kidogo tu ukingo wa mbele wa tairi la nyuma, huku tairi la mbele limenyooshwa. Hapa wengi huchanganyikiwa wakiona uzi haugusi tairi la mbele. Hautakiwi kugusa. Tairi za boda nyingi ni inchi 2.75 mbele na 3.00 nyuma, yaani tofauti ya robo inchi, kwa hiyo kila upande ubaki mwanya wa kama milimita 3. Cha muhimu mwanya wa kushoto ulingane na wa kulia.

Ukirekebisha na tatizo likarudi baada ya siku chache, usiendelee kukaza. Shika tairi la nyuma juu na chini, litikise, mwenzako ameweka kidole penye bolti ya swingi amu. Mchezo, yaani ulegevu, ukisikika hapo, bushi (mikebe midogo inayozunguka bolti hiyo) zimekwisha. Ukisikika kwenye ekseli, ni beringi. Na tairi likiyumba linapozungushwa, ni ringi au spoki, kazi ya mtu mwingine kabisa.

Kurekebisha kwenyewe ni rahisi. Legeza nati ya ekseli, sogeza ajasta robo mzunguko kwa robo mzunguko, ukipima kwa kijiti kila mara. Shida huja wakati wa kukaza, maana ekseli hupenda kuteleza. Mimi huweka kitambaa kati ya cheni na sproketi kubwa upande wa chini, nazungusha tairi kwa mkono kwenda mbele hadi kikabwe, ndipo nakaza nati. Injini izimwe, na vidole vikae mbali. Nimemwona kijana akipoteza ncha ya kidole kwenye sproketi wakati anasafisha cheni injini ikiwa inaunguruma, na sitaki kuona tena.

Toa kitambaa, upime ulegevu wa cheni katikati kwa chini. Kwa pikipiki nyingi za cc 125 na 150 ni kati ya sentimita 2 na 3, lakini fuata kitabu cha yako, na uzungushe tairi upime sehemu kadhaa kwa sababu cheni ya zamani hailegei sawasawa. Rudisha kota pini, ile pini inayozuia nati isifunguke. Jaribu breki ya nyuma kabla hujapakia abiria, kwani ukisogeza tairi nyuma, fimbo ya breki nayo hubadilika na pedeli inaweza kubana au kulegea.

Kijiti changu cha waya kipo chini ya siti hadi leo, kimefungwa kwa raba ya tyubu pamoja na spana ya ekseli. Kila nikitoka kuziba pancha, nakitoa hapohapo kabla sijalipa.