Mkaa mbadala wa magunzi: usiachie ule moshi

Mkaa wa magunzi husifiwa kwa kuwa hakuna mti uliokatwa. Lakini nenda panapochomwa, utakuta pipa liko wazi, linafuka moshi mzito wa manjano tangu asubuhi. Moshi ule una methani, ambayo kwa miaka 100 hupasha dunia joto mara 28 kuliko kabonidayoksaidi ya uzito uleule. Isitoshe, unawaka. Kuuachia ni kutupa kuni.

Urudishe motoni. Tafuta pipa la chuma la lita 200 lenye mfuniko wa kubana, lisiwe lililobeba dawa za mimea. Litoboe ubavuni karibu na mfuniko, chomelea bomba la chuma la inchi moja na nusu, lishuke kwa nje mpaka chini ya pipa. Kipande cha chini kitobolewe matundu kama jiko la gesi. Jaza magunzi, bana mfuniko, weka pipa juu ya mafiga, lizungushie ukuta wa tofali, washa moto chini yake. Mwanzoni hutoka mvuke mweupe, hayo ni maji tu. Gesi ikija, inashika moto kwenye matundu na pipa linajipikia lenyewe. Miali ikifa, ziba bomba kwa udongo mbichi na usifungue mpaka kesho yake. Mkaa wenye joto ukipata hewa huwaka ukabaki majivu.

Kila mara kabla ya kuchoma, pitisha chuma ndani ya bomba. Lami ya moshi huganda humo, na bomba likiziba pipa linaweza kupasuka.

Gunzi liwe kavu, ukilivunja lilie "ta!" Bichi linakula kuni nyingi kukausha maji yake. Chukua yaliyorundikana kwenye mashine ya kupukuchulia. Mabua na majani yabaki shambani yafunike udongo. Kilo 30 za magunzi hutoa mkaa wa kilo 8 hivi.

Mkaa huo husagwa, ukachanganywa na uji wa kugandishia, ukafinyangwa matofali ya kuchoma jikoni. Kwa kilo 10 za unga wa mkaa, nusu kilo ya unga wa muhogo uliopikwa uji inatosha. Wengi huzidisha ili tofali ligande upesi, kisha wateja wanalalamikia moshi na ukungu. Anika kivulini siku ya kwanza, halafu juani siku tatu hadi tano. Ukianza na jua kali, ngozi ya nje inakauka kabla ya kiini, tofali linapasuka.

Na umwambie kila mnunuzi: mkaa huu hautoi moshi, ila hewa yake ya sumu ni ileile ya mkaa wa kawaida. Jiko lisiwashwe chumba kilichofungwa.