Goti limekakamaa baada ya ajali: asisubiri maumivu yaishe

Mkuu, mpe pole mdogo wako. Umeuliza kama asubiri maumivu yaishe ndipo aanze mazoezi ya goti. Asisubiri, mradi daktari wa mifupa amesharuhusu. Mimi nilivunjika paja kwenye ajali ya gari nikawekewa chuma, na kilichonitesa zaidi ni goti kuliko mfupa wenyewe. Mfupa wa paja kwa kawaida huunga ndani ya miezi 3 hadi 6. Goti lisipochezeshwa muda wote huo linakakamaa, na misuli ya mbele ya paja inanywea ndani ya wiki chache tu.

Watu wengi huhangaikia kukunja wakasahau kunyoosha. Asilale na mto chini ya goti, hata kama unampa nafuu. Goti lisiponyooka sawasawa atachechemea, hata likikunja vizuri namna gani. Aweke taulo chini ya kisigino, akaze paja kama anayeligandamiza goti kitandani, ahesabu hadi 5, aachie. Kile kifupa cha mbele ya goti kinatakiwa kipande juu kidogo. Mtaalamu wangu wa fiziotherapia alikuwa anakiwekea kidole na kusubiri kimya mpaka akisikie kimesogea. Bila hapo hatukuendelea na zoezi jingine.

Kukunja, akae ukingoni mwa kitanda, mguu mzima uusukume ule mgonjwa nyuma taratibu. Akifika nyuzi 90 anakaa kitini vizuri, ila kuinuka kwenye kiti kifupi kunadai zaidi.

Maumivu ya kuvutika wakati wa zoezi ni ya kawaida. Yakitulia kufikia kesho yake, aendelee. Goti likiamka limevimba na lina joto, apunguze, asiache kabisa.

Uzito wa kukanyagia aamue daktari baada ya picha, hilo msibahatishe. Akipanda ngazi, mguu mzima utangulie. Akishuka, magongo na mguu mgonjwa vitangulie.

Tafadhali sana: shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikibana ghafla, mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo. Huenda ni damu iliyoganda.

Hebu tuambie, sasa hivi anakunja nyuzi ngapi, na akilala chali goti linanyooka lote?