Maswali ya Wasomaji: Chura Mdogo wa Msituni Huitwa Lini Spishi Mpya?

Barua tulizochagua safari hii zinazunguka jambo moja: umempata chura mdogo asiyemo kitabuni, ufanye nini ili jina utakalompa lisimame? Tumejibu kwa kirefu pale ambapo kazi nyingi huharibikia.

SWALI: Wataalamu, salaam. Nimepata vyura wanne wa kahawia, wa milimita 11 hivi, kwenye majani makavu ya msitu wa mlimani. Mwenzangu anasema ni watoto wa chura mkubwa zaidi. Nitathibitishaje kwamba wamekomaa?
Mwanafunzi wa uzamili

JIBU: Mwenzako amekusaidia sana, maana hilo ndilo swali la kwanza la mhakiki yeyote. Urefu peke yake hauthibitishi kitu. Vyura wengi wa msituni hutaga nchi kavu, na mayai huangua vichura vilivyokamilika bila kupitia hatua ya viluwiluwi. Mtoto wa milimita 11 wa spishi inayofika milimita 30 anaweza kuwa na umbo lote la mzazi wake, na akaishi kwenye majani yale yale ulikowapata hao wako.

Ushahidi ni uzazi. Kwa jike, fanya mkato mdogo ubavuni mwa kielelezo (chura aliyehifadhiwa kwa utafiti), ukitazama kwa hadubini, uangalie ovari. Mayai yaliyokomaa ya vyura wa aina hii huwa machache na makubwa, yamejaa kiini, ya rangi ya krimu au njano. Ovari changa huonyesha vipunje vidogo tu visivyo na kiini. Hesabu mayai, pima kipenyo cha kubwa lao, uandike. Kwa dume, mlio ndio hoja nzito kuliko zote: dume aliyerekodiwa akilia kisha akakamatwa hahitaji mtetezi. Kama hukumsikia, mfungue mdomo taratibu kwa ncha ya kibano utafute mianya miwili kwenye sakafu ya kinywa, mmoja kila upande wa ulimi. Hiyo ndiyo njia ya hewa kwenda kwenye kifuko cha sauti. Tazama pia ngozi ya koo iliyolegea, vipele au mito ya kukamatia jike kwenye vidole vya mbele, na korodani zilizojaa. Si spishi zote zina alama hizo, kwa hiyo kukosekana kwa moja kusikukatishe tamaa.

Jambo moja la kuepuka: usihukumu kwa kichwa kikubwa na macho makubwa. Ni sura ya mtoto, kweli, lakini vyura waliopungua sana umbo katika mageuzi hubaki na sura hiyo wakiwa wazima. Jenasi (kundi la spishi zilizo karibu kiukoo) Paedophryne ya Papua New Guinea imebeba maana hiyo katika jina lake, "chura mtoto" kwa Kigiriki. Mmoja wao, Paedophryne amauensis, aliyeelezwa mwaka 2012, ana wastani wa milimita 7.7, na ni mzima kabisa. Waliompata walifuata mlio mwembamba kama wa mdudu, wakazoa majani yote mahali ulipotokea, wakayatia kwenye mfuko wa plastiki, kisha wakachambua jani moja moja mpaka chura mmoja akaruka. Fanya hivyo hivyo kwa hao wako, na usiku ndio wakati.

SWALI: Nilitia vyura kwenye ethanoli moja kwa moja. Baada ya miezi sita wamekunjamana, rangi imepotea, na maandishi ya vitambulisho hayasomeki. Nilikosea wapi?

JIBU: Ulikosea kwenye mpangilio. Kila hatua ya uhifadhi huharibu kitu ambacho hatua iliyotangulia ilipaswa kukichukua, kwa hiyo zifuatane hivi: picha, tishu, fomalini, ethanoli.

Picha zipigwe chura akiwa hai, si zaidi ya siku moja baada ya kumkamata. Wengi hupiga mgongo na kuridhika. Piga pia ubavu, tumbo, kiganja, unyayo, na zaidi ya yote sehemu zinazofichwa chura akikaa, yaani kinena na upande wa ndani wa paja. Mara nyingi doa moja jekundu kinenani ndilo linalotenganisha spishi mbili zenye migongo inayofanana. Nyekundu na njano hutoweka upesi kwenye ethanoli, na hakuna dawa ya kuzirudisha.

Kuua kufanywe kwa huruma na kwa uhakika. Jeli ya benzokeni ya asilimia 20, ile ya kutuliza maumivu ya fizi, hupakwa tumboni kwa utando mwembamba. Bana kidole cha mguu: akiacha kuuvuta, subiri bado, usikimbilie kisu. Kisha chukua tishu papo hapo, kipande cha ini au cha msuli wa paja, nusu ya punje ya mchele, ukitie kwenye kichupa cha ethanoli ya asilimia 95 au zaidi. Ethanoli iwe angalau mara 10 ya ujazo wa tishu. Ukichukua msuli, utoe kwenye mguu wa kulia kwa vyura wote, ili wa kushoto ubaki mzima kwa vipimo. Tishu itangulie fomalini kwa sababu fomalini huvunja DNA na kuifunga pamoja na protini, na ukishachelewa umechelewa.

Sasa umpange kabla hajakakamaa. Tandika karatasi laini yenye fomalini kwenye trei, mlaze kifudifudi, kunja mikono na miguu kama aliyekaa, tandaza vidole vyote. Chura aliyekauka ngumi imefumbwa hapimiki vidole wala utando. Fomalini iwe ya asilimia 10, yaani sehemu 1 ya fomalini kamili ya chupa na sehemu 9 za maji, iliyopunguzwa asidi. Isipopunguzwa hula chokaa ya mifupa, na mifupa hiyo ndiyo utakayoihitaji kwenye picha za eksirei au skani ya CT. Kwa chura chini ya milimita 20, saa 24 zinatosha. Vaa glavu na ufanyie mahali penye hewa. Baada ya hapo mwoshe kwa maji, mpitishe kwenye ethanoli ya asilimia 30, kisha 50, ndipo umfikishe kwenye 70. Ngazi hizo ndizo zinazozuia mkunjamano. Ethanoli kali ghafla hunyonya maji mwilini kwa nguvu, na mwili mdogo husinyaa wote.

Vitambulisho: karatasi ya pamba, penseli au wino usioyeyuka kwenye ethanoli, kamba ya uzi chini ya goti. Kalamu ya kawaida imeshapoteza vielelezo vizuri sana, na inauma, maana chura asiye na mahali wala tarehe hawezi kuwa msingi wa jina.

SWALI: DNA ya chura wangu inatofautiana na jirani yake kwa asilimia 3.4 kwenye jeni ya 16S. Je, hiyo inatosha?

JIBU: Haitoshi. Asilimia 3 ya 16S hutumika kwa vyura wa tropiki kama chujio, yaani ishara kwamba kuna jambo la kuchunguza. Kuna spishi halali zenye tofauti ndogo kuliko hiyo, na kuna spishi moja yenye makundi yaliyoachana zaidi kwa sababu ya milima na mabonde. Tena 16S iko kwenye mitokondria, sehemu za seli zinazotengeneza nishati, ambazo DNA yake hurithiwa kwa mama tu, na inaweza kuvuka kutoka spishi moja kwenda nyingine kupitia uchotara. Tafuta angalau jeni moja ya kiini cha seli, kisha uulize kama umbo na mlio vinasema vivyo hivyo. Mashahidi watatu wasiotegemeana wakikubaliana, andika.

Kuna kazi nyingine ambayo wengi huiruka: jina la zamani. Huenda chura wako alishapewa jina miaka 100 iliyopita, kisha mtu akalifuta akidhani ni spishi nyingine. Kagua kila jina lililowahi kutolewa katika jenasi hiyo, hata yaliyofutwa, na ulinganishe na kielelezo chenyewe cha msingi, si na maelezo yake tu. Chura wa Tanzania anayezaa watoto hai, Nectophrynoides viviparus, alipewa jina mwaka 1905. Ilipobainika kwamba chini ya jina hilo kuna spishi kadhaa, watafiti walisoma DNA ya vielelezo vikongwe vya makumbusho ili wajue ni kundi lipi lenye haki ya jina la kwanza. Baada ya hapo ndipo spishi tatu mpya zilipoelezwa, mwaka 2025. Wangeanza na majina mapya, wangeweza kumpa jina la pili chura ambaye tayari analo.

SWALI: Mimi na mwenzangu tumepima chura yule yule tukapata namba tofauti. Nani yuko sahihi?

JIBU: Pengine nyote, kwa kadiri ya kifaa. Kalipa ikikosea kwa milimita 0.1 kwenye mwili wa milimita 11, kosa halifiki asilimia 1. Kosa lile lile kwenye kiwambo cha sikio cha milimita 0.8 ni zaidi ya asilimia 12, na hapo ndipo "tofauti" za kubuni huzaliwa. Urefu wa mwili, kutoka ncha ya pua hadi tundu la haja, na urefu wa muundi pimeni kwa kalipa. Jicho, kiwambo, umbali kati ya matundu ya pua na upana wa ncha za vidole pimeni kwa hadubini yenye vistari vya kupimia ndani ya lenzi. Mtu mmoja apime vielelezo vyote, pamoja na vile vya spishi za kulinganisha, mara tatu kwa siku tofauti bila kutazama namba za jana. Msichanganye vipimo vya chura hai na vya aliyehifadhiwa.

SWALI: Naweza kurekodi mlio kwa simu?

JIBU: Unaweza, ukichagua programu inayohifadhi WAV ya kilohezi 44.1 na biti 16 badala ya MP3, maana MP3 hutupa sehemu za sauti ambazo sikio letu halizijali lakini kipimo kinazihitaji. Maikrofoni yenye mwelekeo mmoja ni bora zaidi. Kaa kama mita 1 kutoka kwa chura, zima taa, subiri arejee kulia, rekodi dakika 3 au zaidi. Mwishoni tamka tarehe, saa, namba ya chura na joto la hewa pale alipo. Joto halina mbadala: kukiwa na baridi chura hupunguza kasi ya mlio na mapigo yake, na ukilinganisha dume wa nyuzi 17 na dume wa nyuzi 24 utaona spishi mbili pasipo na mbili. Masafa makuu ya sauti hufuata zaidi ukubwa wa mwili, kwa hiyo mkamate yule yule uliyemrekodi umpime.

SWALI: Chura ni adimu. Ni haki kumuua? Picha hazitoshi?

JIBU: Swali zuri na lenye uzito. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinataka spishi mpya iwe na holotaipu, kielelezo kimoja kinachobeba jina, na utaje makumbusho kinakohifadhiwa. Picha haipimiki meno, haifunguki tumbo, haina DNA. Lakini adimu achukuliwe kwa kiasi. Madume na majike wachache wa kuonyesha tofauti za ndani ya spishi wanatosha, tena kwa kibali cha utafiti. Badilisha glavu kwa kila chura na usafishe viatu kwa dawa kabla ya kuhama bonde, kwa sababu kuvu ya ngozi, Batrachochytrium dendrobatidis, husafiri na matope.

Na jina lina faida kwa chura mwenyewe. Chura wa Kihansi, Tanzania, Nectophrynoides asperginis, aligunduliwa mwaka 1996 kwenye manyunyu ya maporomoko, katika eneo la hekta 2 hivi, na miaka michache baadaye akaelezwa rasmi. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme mwaka 2000, vyura 499 walipelekwa kuzalishwa Marekani. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini, na mwaka 2012 wazao wa wale 499 walianza kurudishwa.

SWALI: Naweza kutumia neno la Kiswahili kwenye jina? Na je, nilitangaze mapema mtandaoni?

JIBU: Kiswahili kinaruhusiwa kabisa, ilimradi herufi ziwe za Kilatini. Chura wa milima ya Ukaguru aliyeelezwa mwaka 2002 anaitwa Churamiti maridadi, jenasi na spishi vyote kutoka lugha yetu. Neno lisilo la Kilatini wala Kigiriki halibadilishwi kufuata jinsia ya jenasi. La Kilatini lenye sifa hubadilika, kwa hiyo hakiki miisho. Ukimheshimu mtu, mwanamume huchukua -i, mwanamke -ae. Jina lako mwenyewe usilitumie.

Kuhusu kutangaza, subiri. Jina lililotokea kwenye bango, tasnifu au mtandaoni bila kutimiza masharti ya kanuni halina uhalali, na mwingine anaweza kulitumia kwa chura mwingine. Makala ikitoka kwa njia ya kielektroniki tu, iwe imesajiliwa ZooBank, rejista ya mtandaoni ya majina ya wanyama, kabla ya kuchapishwa, na namba ya usajili ionekane ndani ya makala yenyewe. Mpaka siku hiyo, mwite kwa jenasi na namba ya kielelezo.