Ukiunasa mpira, unaupeleka wapi? Maneno kwa kocha anayeanza

Kocha mpya akijua timu yake ni dhaifu kuliko wapinzani, hukimbilia kuongeza mabeki. Anafundisha kukaba wiki nzima, siku ya mechi anarudisha watu kumi nyuma ya mpira, halafu kila mpira unaookolewa unarudi papo hapo langoni kwake. Kufikia dakika ya 70 miguu imekwisha, na bao linaingia. Vijana walikaba vizuri tu, ila hakuna aliyewaambia mpira ukinaswa unakwenda kwa nani.

Jibu swali hilo kabla hujachagua mfumo. Ukiwa na mshambuliaji mwenye mbio, 4-4-2 (mabeki wanne, viungo wanne, washambuliaji wawili) inakufaa. Leicester City ya Claudio Ranieri ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya England msimu wa 2015/16 kwa mistari miwili ya watu wanne waliosimama karibu karibu. Okazaki alishuka kuwasumbua viungo wa wapinzani, Kanté alinasa, Drinkwater akapiga pasi ndefu mapema, na Vardy tayari alikuwa mbioni. Alifunga mabao 24 ya ligi msimu ule. Ukizitazama mechi zile, mwache mwenye mpira, umwangalie Vardy wakati timu yake inashambuliwa. Hapo ndipo utajifunza.

Kama mbio zako ziko kwa mawinga, 4-1-4-1 ni bora zaidi. Morocco ya Walid Regragui ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2022 ikiwa imefungwa bao moja tu, nalo ni la kujifunga dhidi ya Canada. Wengi husifu ukuta wao na Amrabat aliyesimama mbele yake. Mimi nawasifu zaidi Boufal, Ziyech na Ounahi, waliokuwa na utulivu wa kutoka na mpira katikati ya msongamano. Bila watu wa aina hiyo, ukuta wowote utachoka.

Kuhusu mabeki watano nitasema neno moja: usiwatumie kama mabeki wako wa pembeni hawana pumzi ya kupanda na kushuka dakika zote 90.

Sasa pasi ya kwanza, ambayo naiona ndiyo moyo wa kazi hii. Mpinzani aliyepoteza mpira huja juu papo hapo, kwa hiyo aliyeunasa mara nyingi hana nafasi ya kuinua kichwa. Mfundishe kumpa mwenzake wa karibu ambaye tayari anatazama mbele, na huyo ndiye apige ile ndefu. Mazoezini, weka wanane kwa wanane kwenye nusu ya uwanja. Wanaojilinda wakinasa, wape sekunde nane wavuke mstari wa kati mpira ukiwa miguuni mwao. Simamisha zoezi mara kwa mara uwaulize wasio na mpira: ulikuwa umesimama wapi, na kwa nini?

Tazama bao la Ubelgiji dhidi ya Japan kwenye Kombe la Dunia 2018, dakika ya 94, matokeo yakiwa 2-2. Courtois aliudaka mpira wa kona, akamviringishia De Bruyne, ambaye alikimbia nao hadi akampata Meunier upande wa kulia. Krosi ikapita chini, Lukaku akaiacha, Chadli akafunga. Kabla ya kuiacha, Lukaku alikuwa ameshamvuta beki kutoka kwenye njia ya Meunier. Mbio za mtu ambaye hakugusa mpira ndizo zilizofungua lango.

Shambulizi lisipozaa bao, walau lizae kona au faulo, ili mabeki wapate kupumua na warefu wapande. Ugiriki ilishinda nusu fainali na fainali ya Euro 2004 kwa vichwa vilivyotokana na kona, 1-0 kila mara. Tenga muda wa mipira ya kutenga kila wiki.

Utasikia pia watu wakiitaja Inter Milan ya 2010 kule Barcelona, kwenye mechi ya pili ya nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, ikicheza pungufu tangu dakika ya 28 baada ya Thiago Motta kutolewa, ikafungwa 1-0 na bado ikaenda fainali. Ukiwasimulia wachezaji wako, anza na mechi ya kwanza, ambayo Inter ilishinda 3-1. Walipaki basi, yaani walirudi wote nyuma kujilinda, ili kulinda mabao yaliyokwisha kufungwa.

Ukitanguliwa kufungwa, usiifungue timu nzima kwa hasira. Sogeza mstari wa mabeki mita kumi mbele, mwambie winga mmoja asirudi tena kukaba, na umpe kiungo mkabaji kazi ya kumfunika. Acha hivyo kwa dakika kumi, uone mpinzani anamwacha nani nyuma, ndipo ubadilishe kingine.