Meli ya usiku, mchana wa ufukweni: kuchagua bichi tulivu ukiwa na siku moja Mwanza

Abiria wengi wa MV Victoria kati ya Bukoba na Mwanza hawajihesabu watalii. Wana harusi, wana msiba, wana mtoto wa kupeleka shule, wana mikungu ya ndizi kule chini. Ila meli ile hukata ziwa usiku na kufika asubuhi, na mwenye ndege ya jioni, basi la usiku au tiketi ya kurudi melini hubaki na mchana mzima asiojua aupeleke wapi. Abiria wa meli za kitalii zinazotia nanga Zanzibar na Mombasa wanaijua vizuri siku ya namna hii: unashuka asubuhi, unakwenda ufukweni, na jioni lazima uwe ndani. Huku kwetu wengi huimalizia stendi wakilinda mabegi. Inaniuma, kwa sababu ziwa liko palepale, na mji huu umezungukwa na vighuba vidogo vya mchanga kati ya mawe ambavyo hata wenyeji wengine hawajawahi kuvikanyaga.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: ukichagua bichi ya siku moja, anza na saa ya kurudi, kisha ndipo utafute mahali. Watu wengi hufanya kinyume. Wanaona picha mtandaoni, wanaipenda, halafu wanaanza kuulizana njia.

Tuseme meli inaondoka saa 3 usiku. Mimi nataka niwe nimerudi karibu na bandari saa 11 jioni, si saa 2, kwa sababu kuna mizigo, kuna foleni ya kuingia, na kuna lile jambo dogo ambalo hujitokeza siku zote mtu akiwa na haraka. Asubuhi nayo, ukishashuka, ukanywa chai na kupata usafiri, ni saa 3 tayari. Umebakiwa na saa nane, na njia ya kwenda na kurudi inakatwa humohumo. Bichi iliyo mwendo wa saa mbili na nusu inakuachia saa tatu tu za kukaa, na hizo tatu utazikaa ukitazama simu. Kwa hiyo nimejiwekea mpaka: nikiwa na siku moja siendi zaidi ya saa moja kwa gari, hata nikiambiwa huko mbele kuna pepo. Ghuba ya Speke, upande wa lango la Ndabaka la Serengeti, ni kuzuri mno, lakini ni zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini, na kunastahili kulala. Rubondo vilevile. Kile kisiwa, hifadhi ya taifa tangu 1977, ukikiendea kwa pupa unakidhulumu na unajidhulumu.

Mwanza imebanwa kati ya vilima na maji, na barabara kubwa za kuingia katikati ya jiji ni chache: Makongoro kutoka Ilemela na uwanja wa ndege, Kenyatta kutoka Nyegezi, Nyerere kutoka Igoma. Jioni zote tatu hujaa. Ndiyo maana kama safari yako ya kuondoka ni ya ndege, tafuta bichi upande wa Ilemela na usirudi mjini tena. Utaokoa muda wote wa foleni. Kama ni basi la kupandia Nyegezi, angalia upande wa kusini, Malimbe na Luchelele, ambako pia kuna utulivu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Kwa wa meli, bandari iko katikati, hivyo pande zote ni sawa. Tofauti ni kwamba ukitoka Ilemela saa 10 unapita salama, ukitoka saa 12 unaanza kusali.

Sasa hiyo faragha yenyewe. Wengi huamini kuwa mahali patulivu ni mahali pa mbali. Kwa Mwanza sivyo. Hapa kinachokuficha ni mawe. Miamba hii mikubwa ya matale inashuka hadi majini, na kati ya jiwe na jiwe kuna vipande vya mchanga ambavyo ukikaa kimoja humwoni aliye kingine, ingawa mko hatua hamsini. Hoteli ndogo iliyojengwa juu ya pwani ya mawe inaweza kukupa utulivu ambao hoteli kubwa yenye ufukwe mrefu ulionyooka haitakupa kamwe, hata ikiwa mbali mara tatu. Nikiangalia picha, kabla ya vitanda na miavuli, natafuta mawe.

Halafu kuna siku na muziki. Bichi ileile ambayo Jumanne inakuwa na wewe, mhudumu na kunguru wawili, Jumapili inakuwa na spika mbili ndefu, sherehe ya kuzaliwa na kwaya iliyokuja kupiga picha. Sina ugomvi na furaha ya watu, Jumapili ndiyo siku yao. Lakini kama tarehe yako imeangukia Jumapili au sikukuu, usimwulize mtu wa mapokezi kama kuna kelele. Atakwambia hakuna. Mpigie wiki moja kabla, siku kama hiyo hiyo, saa 9 mchana, umwulize bei ya chakula, na usikilize kinachosikika nyuma ya sauti yake.

Katika simu hiyo hiyo omba picha ya leo kwa WhatsApp, iliyopigwa kuelekea majini. Hili nalisisitiza. Maji ya ziwa yalipanda sana mwaka 2020 na yakapanda tena 2024, na fukwe nyingi unazoziona kwenye picha za zamani zilimezwa: mabanda yalisimama ndani ya maji, miti ikafa kwa kuzamishwa mizizi. Penginepo mchanga umerudi, penginepo pamebaki tope na mafunjo. Picha ya miaka saba iliyopita haikwambii lolote kuhusu leo.

Nije kwenye maji, maana hapa ndipo ninapotaka unisikilize zaidi.

Kichocho kipo Ziwa Victoria. Hakuna hoteli, hata iwe ghali namna gani, inayoweza kukuhakikishia kwamba maji yaliyo mbele yake hayana. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wadogo wanaopenda maji yaliyotulia, ya kina kifupi, yenye majani na mafunjo, na hutoka kwa wingi zaidi mchana jua likiwa kali. Kisha hupenya ngozi kwa dakika chache tu. Kujifuta haraka kwa taulo si kinga ya kutegemea. Kwa hiyo kile kighuba kilichojificha, chenye maji yaliyolala kimya na majani ya kijani pembeni, ambacho macho hukiita pepo, ndicho nisichomwingiza mtoto wangu. Nikiamua kuogelea, naogelea asubuhi, mahali palipo wazi kwa upepo, penye mchanga au mawe na mawimbi yanayotembea. Hatari inapungua, haiishi. Nikirudi nyumbani naweka alama kwenye kalenda: baada ya wiki sita hadi nane naenda kupima, kwa sababu ukipima kesho yake hakuna kitakachoonekana. Dawa ipo, ni prazikwanteli, na inatibu vizuri. Usiinunue dukani ukajipimia mwenyewe. Nenda hospitali.

Ndiyo maana kwa wenye watoto wadogo nasema bila kusita: chagua mahali penye bwawa la kuogelea, hata kama ufukwe wake si mzuri kuliko mingine. Watoto watacheza bwawani, wewe utakaa ukitazama ziwa, na wote mtakuwa na siku njema.

Jambo jingine ni kujua jirani wa bichi yako ni nani. Mto Mirongo unakatiza katikati ya jiji na kumwaga ziwani kila kilichotupwa humo, na baada ya mvua kubwa maji ya kando ya mjini hubadilika rangi. Siku mbili tatu baada ya mvua ya namna hiyo mimi siingii majini popote karibu na katikati ya jiji. Mialo nayo, yaani pale wavuvi wanaposhushia samaki, kama Kirumba au Igombe, ni mahali pa kazi, pana boti, mafuta, matumbo ya samaki na nyavu. Ni mahali pa kwenda kununua dagaa, na ufukwe ulio ukingoni mwake hautakuwa tulivu wala msafi. Magugumaji ni kitu cha upepo: leo yamejaa hapa, kesho yamesukumwa ng'ambo, ndiyo sababu nyingine ya kudai picha ya leo.

Na kuna mamba na viboko. Sisemi hivi kumtisha mtu. Lakini swali la wanyama hao usimwulize anayeuza vyumba, mwulize anayevua hapo. Ukifika, kabla hujavua viatu, mtafute mzee aliyekaa na mtumbwi wake, msalimie "mwangaluka" kama ni asubuhi, ndipo umwulize. Safari moja tulimwuliza mzee wa namna hiyo upande wa Luchelele kama watoto wanaweza kuoga pale tulipotandika mkeka. Akatazama maji, akasema, "Hapa hapana, mama. Hapa pana tope na huwezi kuona chini. Nendeni kule kwenye mawe meupe, ndiko wetu wanakooga." Hakutuambia kuna mamba, hakutuambia hakuna. Tulihamisha mkeka.

Baadhi ya sehemu zilizojificha kweli, zile za kwenye rasi na visiwani, zinafikiwa kwa boti tu. Zina raha yake, lakini kwa mtu wa siku moja zinabeba hatari nisiyoipenda. Asubuhi ziwa huwa limelala. Mchana nchi kavu ikishapata joto, upepo wa kutoka ziwani huamka na mawimbi nayo yanakua, na hizo ndizo saa zako za kurudi. Kabla hujalipa, hakikisha mambo haya kwa mdomo wako: boti ya kukurudisha ni ya nani, ikiharibika kuna nyingine, na upepo ukikataa kuna njia ya barabara hata kama ni mbaya. Kama jibu la yote matatu ni "usijali", tafuta kwingine. Jaketi la kuokolea livae wewe na mtoto wako kabla boti haijasukumwa, na la mtoto liwe la saizi ya mtoto. Watu wa ziwa hili tuna tarehe mbili vichwani, 21 Mei 1996 ilipozama MV Bukoba na 20 Septemba 2018 kilipopinduka kivuko cha MV Nyerere, na hatuhitaji kuambiwa mara mbili kuhusu maji.

Kivuko cha Kamanga, cha kwenda upande wa Sengerema, nacho kizingatie hivyo hivyo: kuvuka ni muda mfupi, kusubiri na gari ndiko kunakokula siku. Uzuri wa sasa ni kwamba tangu Juni 2025 Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, kilomita 3 juu ya maji, na pale palipokuwa na foleni ya pantoni sasa unapita kwa dakika chache. Pwani za upande wa Sengerema zimesogea. Natarajia tutaona bichi mpya huko, na ninawaomba wanaozijenga waheshimu ile mita 60 kutoka ukingo wa maji ambayo Sheria ya Mazingira ya 2004 inaitaja, kwa sababu ufukwe uliozungushiwa ukuta hadi majini unamharibia mgeni na mvuvi kwa pamoja.

Kuhusu fedha, uliza mapema kama kiingilio kinahesabiwa ndani ya chakula au ni mbali, kama mizigo inaweza kufungiwa mahali, na kama unaweza kupata chumba kwa mchana tu. Kwa aliyelala melini, chumba cha mchana chenye bafu kina thamani kuliko mwavuli. Sato agiza ukifika, usisubiri njaa. Kumwandaa na kumkaanga vizuri huchukua muda, na mwombe mpishi akuonyeshe kabla hajaingia jikoni.

Ukitua Bukoba badala ya Mwanza, hesabu ya saa ni ileile, ila ufukwe ni wa aina nyingine: mchanga mrefu ulio wazi, karibu sana na mji na bandari, mawimbi makubwa zaidi, na mvua nyingi kuliko Mwanza. Machi hadi Mei usiende mahali pasipo na paa.

Na kama meli imechelewa kufika, siku imebaki nusu, basi achana kabisa na bichi za mbali. Nenda Capri Point, kwenye ofisi ya hifadhi ya Saanane, upande boti ya pale. Kisiwa hicho kimekuwa hifadhi ya taifa tangu 2013, hakifiki hata kilomita za mraba 3, na kiko mbele ya jiji kabisa. Si mahali pa kuogelea. Ni mahali pa mawe, pimbi, swala, kivuli na ukimya, na ukikaa juu ya jabali unaiona bandari, kwa hiyo hutakuwa na wasiwasi na saa. Lipia, mwulize mhifadhi boti ya mwisho kurudi ni saa ngapi, na beba maji yako ya kunywa.