Usimnyamazishe bibi ili mtoto ajue Kiingereza

Tulipohamia Nkuhungu, Dodoma mjini, kutoka kijijini Mvumi, niliweka sheria: ukishaingia getini, Kiingereza tu. Mwanangu alikuwa ameanza shule ya mchepuo wa Kiingereza, na huko mtoto akiponyokwa na neno la Kiswahili alivishwa kibao shingoni. Nikaona na mimi nisaidie.

Lakini Kiingereza changu ni cha kuamrisha tu. Kula. Acha. Lala. Miaka miwili mwanangu hakusikia kutoka kwangu sentensi yenye "kwa sababu" ndani yake. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kisha mama yangu akaja kukaa nasi baada ya mavuno. "Mbukwa!" akamsalimia mjukuu kwa Kigogo. Mtoto akanitazama mimi, hajui ajibu nini. Mama akakaa kwenye kochi kama mgeni aliyekosea nyumba. Jioni ile ile nikaifuta sheria yangu.

Siku moja mtoto alimkuta bibi akipika mlenda, akauliza kwa nini anatia magadi. Bibi akaeleza kwa Kigogo, mimi nikatafsiri: yanalainisha mboga upesi, yakizidi mboga inakuwa chungu. Baada ya miezi michache hawakunihitaji tena. Miaka ikapita, akiwa sekondari wakafika kwenye asidi na besi katika kemia, na magadi ni besi, akarudi mbio: "Mama, ni magadi ya bibi!" Jina la Kiingereza alilishika siku hiyo hiyo, maana kitu chenyewe alishakijua jikoni.

Ndiyo maana nawaambia wazazi wenzangu, hata wenye watoto shule za kata wanaosoma msingi kwa Kiswahili halafu kidato cha kwanza karibu kila somo linageuka Kiingereza: ongea na mwanao lugha unayoweza kubishana nayo, kusimulia nayo na kubembeleza nayo. Iwe Kigogo, Kirangi, Kisandawe au Kiswahili. Kama Kiingereza unakimudu kweli, kiongee. Kama ni cha kubahatisha kama changu, mtoto atabeba makosa yako na bado atakosa maelezo.

Kiingereza kipe muda wake. Kwetu ni nusu saa baada ya chakula cha usiku. Anasoma kwa sauti ukurasa mmoja au miwili, kisha ananisimulia kwa Kiswahili kilichotokea. Akishindwa kusimulia, ujue ametamka tu, hajaelewa, arudie taratibu. Mzazi asiyejua Kiingereza kabisa anaweza kulifanya hili, na sijaona lililomsaidia mwanangu zaidi yake.

Kuhusu kibao, nenda ukaonane na mwalimu wa darasa. Mimi nilienda mara tatu, kwa heshima, mpaka wakakubali kutomvisha tena. Mtoto anayeogopa kukosea hanyooshi mkono, na asiyenyoosha mkono hajifunzi kuongea.

Na kama bibi amebaki kijijini, mpigie Jumamosi, mpe mtoto simu, halafu wewe toka nje uwaache wawili.